Mtunzi Aliyejifunga kwa Hiari Yake

Tangu Euphrase Kezilahabi alipoitoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, mabishano juu ya vina na mizani hayajapoa katika fasihi yetu. Upande mmoja wamesimama wanaoamini kwamba shairi lisilo na vina na mizani ni maneno matupu yaliyokatwakatwa yakapangwa mistari. Upande wa pili wamesimama wanaoona kwamba kuhesabu mizani ni kuitia fikra pingu, na kwamba mshairi wa zama hizi hana sababu ya kuitumikia sharia iliyowekwa na mababu waliokwisha kuzikwa. Pande zote mbili zina hoja, na zote mbili, kwa maoni yangu, zimelipita kando swali lililo kubwa zaidi: kanuni ya sanaa imewekwa na nani, na msanii ameitii kwa hofu ama kwa mapenzi? Juu ya swali hili naomba idhini ya msomaji nimlete shahidi kutoka mbali, mtu ambaye si wa lugha yetu wala si mshairi, naye ni Arvo Pärt, mtunzi wa muziki wa klasiki kutoka Estonia, ambaye maisha yake na kazi yake ni jibu la swali hilo lenye ukamilifu kuliko jibu lolote nililopata kulisoma vitabuni.

Alizaliwa tarehe 11 Septemba 1935 katika mji mdogo wa Paide, akalelewa na mama yake katika mji wa Rakvere. Estonia ni nchi ndogo kaskazini mwa Ulaya, ukingoni mwa bahari ya Baltiki, yenye watu wasiofika milioni moja na nusu. Na mwaka 1940, mtoto huyu akiwa hajatimiza miaka mitano, dola ya Kisovieti iliimeza nchi hiyo, ambayo haikupata tena uhuru wake hadi mwaka 1991. Nyumbani mwao palikuwa na piano kuukuu ambayo sauti zake za kati zilikuwa zimeharibika, hata mtoto akalazimika kuchezea ncha mbili za kinanda, sauti nyembamba za juu na sauti nene za chini, akiiacha sehemu ya katikati kama chumba kisichokaliwa na mtu. Katika uwanja wa mji palikuwa na kipaza sauti kilichotundikwa nguzoni, kikirusha muziki wa redio, naye kijana alikuwa akiuzunguka uwanja huo kwa baiskeli, mzunguko baada ya mzunguko, apate kuusikiliza muziki hadi mwisho. Msomaji aikumbuke piano ile, maana tutakutana nayo tena.

Alipokwisha kutumikia jeshi la dola, ambako alipiga zumari na ngoma katika bendi ya askari, aliingia katika chuo cha muziki cha Tallinn akasoma mbele ya mwalimu Heino Eller, na wakati huohuo akaajiriwa na redio ya Estonia kuwa fundi wa kurekodi sauti. Kazi ya redio ilikuwa madrasa yake ya pili, kwa sababu mtu anayekaa mchana kutwa akipima sauti za wengine, akisikia kikohozi cha mpiga fidla na mlio wa kiti kinachosogezwa, hujifunza kusikia kile ambacho watunzi wengi hawana faragha ya kukisikia. Mwaka 1960 alitoa utungo wa okestra ulioitwa Nekrolog, ambao ulikuwa wa kwanza Estonia kutungwa kwa mtindo wa sauti 12, mtindo uliovumbuliwa Vienna na uliohesabiwa Moscow kuwa uchafu wa mabepari. Tikhon Khrennikov, aliyekuwa mkuu wa chama cha watunzi wa dola nzima, aliukemea hadharani. Walakini miaka miwili tu baadaye, huko huko Moscow, kijana yuleyule alipewa tuzo ya kwanza katika mashindano ya watunzi chipukizi kwa sababu ya utungo aliowatungia watoto na mwingine wa kwaya na okestra. Ndivyo zilivyo dola zinazotaka kuimiliki sanaa: mkono wa kulia hupiga na wa kushoto hutuza, ili msanii asipate kujua kwa yakini ni lipi lililo halali, na kwa kutojua kwake azidi kuogopa.

Tukio lililoyapindua maisha yake lilitokea tarehe 16 Novemba 1968, katika ukumbi wa Tallinn, wakati Neeme Järvi alipoiongoza okestra na kwaya kuupiga utungo mpya wa Pärt ulioitwa Credo. Mwezi Agosti wa mwaka huo vifaru vya Kisovieti vilikuwa vimeingia Prague, na watawala wa Estonia walikuwa katika hali ya kushtuka kwa kila jani linalotikisika. Utungo wenyewe ulianza kwa kwaya kukiri kwa Kilatini imani katika Yesu Kristo, jambo ambalo katika nchi ya wakanamungu lilitosha kuwa kosa. Kisha ukachukua muziki mtulivu wa Bach, ule wa mwanzo wa kitabu chake mashuhuri cha kinanda, na kuuponda chini ya miguu ya sauti 12 zilizokuwa zikizidi kuchafuka hadi kwaya nzima ikawa inapiga kelele. Na katikati ya vurugu hilo likaingia neno la Injili la kutolipa ovu kwa ovu, na muziki wa Bach ukarudi taratibu, umejeruhiwa lakini ungali hai. Wasikilizaji walitaka urudiwe palepale, ukarudiwa. Viongozi walipopata habari walighadhibika. Waliohusika wakaulizwa maswali, Credo ikawa haipigwi tena, na jina la mtunzi likaingia katika orodha ya watu wa kutiliwa shaka.

Hapa ndipo watu wengi wanaosimulia habari za Pärt wanapokosea, kwa maana husema kwamba dola ilimnyamazisha. Dola iliupiga marufuku utungo wake, ndiyo, lakini ukimya uliofuata aliuchagua mwenyewe, nao ulikuwa na sababu nzito kuliko hofu ya polisi. Katika Credo alikuwa ameziweka ulingoni sharia mbili alizopokea kutoka kwa wengine: sharia ya wakuu wa Moscow iliyotaka muziki uwe wa kushangilia, na sharia ya watunzi wa kisasa wa Ulaya iliyotaka kila sauti ihesabiwe kwa jedwali, na alipozitazama zote mbili zikipigana, aliona kwamba hakuna hata moja iliyokuwa yake. Mtu wa kawaida angechagua iliyo na maslahi zaidi. Yeye alinyamaza. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1976, ukiacha simfoni yake ya tatu ya mwaka 1971 na muziki wa filamu aliouandika kwa ajili ya riziki, mtunzi huyu hakutoa karibu kitu chochote. Miaka minane kwa mtu aliyekwisha kuwa mashuhuri, akiwa katika umri wa kutoka 33 hadi 41, ambao ndio umri wa nguvu za mtunzi, ni sadaka ambayo wengi wetu tusingeweza kuitoa hata kwa mwaka mmoja.

Na ukimya ule haukuwa uvivu. Alikuwa amesikia, kwa bahati, kipande kifupi cha uimbaji wa kale wa watawa wa Roma, ule wa sauti moja isiyo na kinanda wala ngoma, na mara akatambua kwamba hajui jambo la kwanza kabisa la fani yake, yaani jinsi sauti moja inavyoifuata nyingine. Akarudi kuwa mwanafunzi. Alijaza madaftari kwa madaftari mahadhi ya sauti moja, akisoma zaburi na kuandika mahadhi yake papo hapo bila kurudi nyuma, ama akitazama kundi la ndege linavyoruka na kujaribu kuufuata mchoro wa mruko wao kwa noti. Mwaka 1972 alijiunga na Kanisa la Othodoksi, na katika miaka hiyo alimwoa Nora, mwanamke msomi wa muziki ambaye amekuwa mwenzi wake wa kazi hadi leo. Amepata kusimulia mwenyewe kwamba siku moja ya majira ya baridi alimwuliza mfagiaji wa barabara ni vipi mtunzi apaswavyo kutunga, na kwamba mtu yule alijibu, baada ya kustaajabu kidogo kwa swali la namna hiyo, kuwa yampasa aipende kila sauti moja moja. Maprofesa wa chuo hawakuwa wamempa jibu kama hilo.

Mwaka 1976 ukimya ulivunjika kwa utungo wa piano wa kurasa mbili, uitwao Für Alina, aliomtungia binti wa marafiki aliyekuwa amekwenda kuishi Uingereza. Nawaomba wasomaji wanaoimba katika kwaya, na wanaosoma muziki kwa do, re, mi, wautazame ukurasa huo pamoja nami kwa utulivu. Chini kabisa ya kinanda hupigwa sauti moja nene, na mguu wa mpigaji hukaa juu ya kikanyagio ili sauti hiyo isife. Juu kabisa mikono miwili hucheza polepole, noti kwa noti, bila kipimo cha ngoma. Mkono wa kulia hutembea kwa hatua katika ngazi ya sauti, kama mtu anayepanda na kushuka vidato. Mkono wa kushoto haukuruhusiwa kutembea: umepewa sauti tatu tu za nyumbani, zile ambazo wanakwaya wangeziita la, do na mi, na kila noti ya kulia hushikwa mkono na ile iliyo karibu yake chini katika hizo tatu. Idadi ya noti huongezeka moja moja katika kila kipande hadi ikafika kilele, kisha ikapungua moja moja ikarejea ilikotoka. Katikati ya kinanda hapana kitu. Siwezi kuapa kwamba piano mbovu ya Rakvere ndiyo iliyomfundisha kuacha mahali pale patupu, lakini kila niusikiapo utungo huu huiona piano ile.

Sharia ya mikono miwili ni kali, kwa kuwa ukiupata mkono wa kulia, wa kushoto umekwisha kuamuliwa, wala mpigaji hana la kuongeza. Walakini mahali pamoja tu, baada ya kilele, mkono wa kushoto hutoka katika sauti zake tatu ukagusa sauti ya nne, na hapo Pärt amechora ua dogo juu ya karatasi. Kwangu mimi ua lile ni hoja nzima. Aliyewekewa sharia na mwingine huivunja kwa siri na kwa woga, akisingizia kupitiwa. Aliyejiwekea mwenyewe huivunja mara moja, mchana kweupe, mahali anapojua sababu yake, na akaweka alama ili kila mtu apaone.

Mtindo huo aliuita tintinnabuli, kwa kuufananisha na kengele ndogo, kwani sauti tatu zile hulia chini ya mahadhi mithili ya kengele zisizokoma. Nora aliueleza kwa hesabu ya ajabu, kwamba moja na moja ni moja, muradi wake ukiwa kwamba sauti inayotembea na sauti iliyotulia hazisikiki kuwa mbili. Pärt mwenyewe amezieleza kwa njia ya dini: ile inayotembea ni nafsi ya mwanadamu yenye kukosea, na ile iliyotulia ni ile inayosamehe. Msomaji asiye na haja na tafsiri ya dini aweza kuiacha, na muziki hautamfungia mlango. Lakini si insafu kudai kwamba dini imepakwa juu yake kama rangi, kwa sababu ndiyo iliyoshika jengo zima.

Mara baada ya ugunduzi ule, mwaka 1977 ukawa mwaka wa mavuno yasiyo na mfano. Benjamin Britten, mtunzi wa Kiingereza ambaye Pärt alimheshimu bila ya kupata kuonana naye, alikuwa amefariki tarehe 4 Desemba 1976, na Pärt akamtungia tanzia ya dakika chache kwa fidla na kengele moja. Kengele hulia, kisha fidla za kwanza zinaanza kushuka ngazi ya sauti, la, so, fa, mi, na kundi la pili linaifuata ngazi ileile kwa mwendo wa nusu ya ule wa kwanza, na kundi la tatu kwa nusu ya huo wa pili, hivyo hivyo hadi makundi matano, likiwemo la fidla nene kabisa ambazo huchukua muda mara 16 ya zile nyepesi kumaliza hatua moja. Wote wanashuka, kila mmoja kwa umri wake, na kila mmoja anapofika katika sauti yake ya mwisho hukaa hapo akiwasubiri waliochelewa. Hapana lahani nyingine. Ni ngazi tu, ile ambayo mtoto hufundishwa siku ya kwanza ya masomo, nayo imewaliza watu wazima katika nchi ambazo jina la Britten halijulikani. Mwaka huohuo, tarehe 30 Septemba, ulipigwa Tallinn utungo wa Tabula Rasa, Gidon Kremer na Tatjana Grindenko wakiwa wapiga fidla na Alfred Schnittke, mtunzi mwingine mkubwa, akikaa kwenye piano. Na sehemu yake ya pili hushuka taratibu hadi sauti moja kabla ya ile ya nyumbani, kisha wapigaji wakaacha, na sauti ya mwisho ikabaki haikupigwa, ili msikilizaji aimalizie mwenyewe moyoni.

Sasa nifikie jambo ambalo kwa Waswahili lapasa kuwa la karibu kuliko yote. Pärt anapoyatungia maneno muziki, huhesabu mizani. Katika utungo wake wa misa uitwao Missa syllabica, wa mwaka 1977, kila silabi imepewa sauti moja, si pungufu wala ziada, na neno lenye silabi nne huchukua sauti nne ambazo ama zinaondoka katika sauti ya kati ama zinairejea, kwa kadiri ya sharia aliyoiweka mwanzoni. Kwa hiyo urefu wa neno ndio unaoamua mahadhi yatoke umbali gani. Mtunzi hachagui noti ya kupendeza hapa na noti ya kuhuzunisha pale. Anaweka sharia, kisha anaondoka katikati na kuliachia neno liimbe lenyewe. Katika Passio, utungo wa mwaka 1982 wenye zaidi ya saa nzima, unaosimulia mateso ya Yesu kwa maneno ya Injili ya Yohana, hata vituo vya maandishi vimetiwa katika hesabu: mkato una urefu wake na nukta ina urefu wake, na ukimya unaofuata kila sentensi umepimwa kwa alama iliyoandikwa. Aliyelelewa katika chuo cha Kurani, akafundishwa na mwalimu wake mahali pa kuvuta na mahali pa kusimama, atafahamu upesi, japo kisomo si muziki na wala hakifai kuitwa hivyo, ni heshima gani kwa neno iliyomo katika kanuni ya namna hiyo. Na mshairi wa utenzi aliyezoea kukipa kila kipande mizani nane atafahamu zaidi, kwa kuwa anajua kutokana na kazi yake kwamba hesabu, ikishaingia damuni, humwondolea mtu majivuno ya kutaka kusikika yeye mwenyewe.

Ndiyo maana nasema kwamba mabishano yetu yamekosa shabaha. Mizani haikumfunga mshairi aliyeipenda, kama ambavyo haikumsaidia aliyeiiga kwa sababu tu gazeti halikuchapa mashairi ya namna nyingine. Na guni, yaani shairi lisilofuata vina na mizani, halikumfungua aliyeliandika kwa kuwa ndiyo desturi ya chuo kikuu alichosomea. Pärt alizikimbia kanuni mbili zilizokuwa na jaha, moja ya serikali na moja ya wasomi, akakaa nyikani miaka minane, na aliporudi hakurudi na uhuru usio na mipaka. Alirudi na kanuni iliyo ngumu kuliko zote mbili. Tofauti ni kwamba hii ilitoka ndani yake, na alikuwa amelipa kwa ajili yake.

Dola haikumvumilia muda mrefu. Mwezi Januari 1980 yeye, Nora na watoto wao waliondoka kwa treni, wakakaa kwanza Vienna, baadaye Berlin. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba mpakani Brest askari waliyafungua masanduku yao, ambayo yalikuwa yamejaa karatasi za muziki na kanda, wakaziweka kanda hizo katika chombo ili wajue zimebeba nini, na kwa muda mfupi kituo kile cha forodha kikajaa tanzia ya Britten. Huko Magharibi hakuwa maarufu hata kidogo, hadi usiku mmoja mtayarishaji wa rekodi wa Kijerumani, Manfred Eicher, alipousikia muziki wake katika redio ya gari, akalisimamisha gari kando ya njia akausikiliza. Kutokana na usiku ule ilitoka mwaka 1984 rekodi ya Tabula Rasa, ambayo iliupeleka muziki huu mahali ambako muziki wa klasiki aghalabu haufiki. Wauguzi huko Marekani wamepata kueleza kwamba wagonjwa waliokuwa wakifa kwa UKIMWI na saratani waliiomba sehemu ile ya pili, wakitaka isikike chumbani mwao tena na tena. Sijui cheti gani cha chuo, ama tuzo gani, iwezayo kusimama kando ya ombi la namna hiyo.

Wako wanaomtuhumu. Husemwa kwamba muziki wake ni mwepesi mno, kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuuandika, na kwamba watengenezaji wa filamu wameuchukua utungo wake wa fidla na piano, Spiegel im Spiegel, wakaufanya kuwa njia rahisi ya kuwatoa watazamaji machozi. La filamu ni kweli, lakini lawama yake ni ya waliotumia. La wepesi nalikataa kabisa. Wimbo wenye noti nyingi humficha mwimbaji mbaya, kama umati umfichavyo mwizi. Wimbo wa noti chache hauna mahali pa kumficha mtu. Mpiga piano anayejaribu Für Alina kwa mara ya kwanza hugundua kwamba vidole vyake havina kazi na masikio yake yana kazi yote, na kwamba noti moja iliyopigwa kwa nguvu kidogo kuliko ilivyostahili inaharibu ukurasa mzima. Kiongozi wa kwaya anayeipa kwaya yake kazi za Pärt hugundua jambo hilohilo: sauti ndefu isiyopambwa huonyesha mara moja nani katika waimbaji anasikiliza wenzake na nani anajisikiliza mwenyewe.

Wala utulivu wake haukuwa ule wa mtu aliyejifungia chumbani asione yanayowapata wenziwe. Baada ya mabomu ya treni mjini Madrid tarehe 11 Machi 2004, alitunga ombi fupi la amani kwa sauti chache, Da pacem Domine, kuwakumbuka waliouawa. Mwandishi wa habari Anna Politkovskaya alipouawa Moscow mwezi Oktoba 2006, Pärt alitangaza kwamba kazi zake zote zitakazopigwa katika msimu ule zitakuwa kwa ajili ya kumkumbuka. Simfoni yake ya nne, iliyopigwa mara ya kwanza Los Angeles mwezi Januari 2009, aliitabaruku kwa Mikhail Khodorkovsky, aliyekuwa gerezani Urusi wakati huo, pamoja na wote waliofungwa bila haki. Mtu aliyekataa kupayuka katika muziki wake hakuona haya kutaja majina ya watu panapostahili.

Mwaka 2010 alirejea Estonia kuishi. Mwaka 2018, katika msitu wa misonobari huko Laulasmaa, kando ya bahari, magharibi mwa Tallinn, ilifunguliwa nyumba ya kuhifadhia madaftari yake, yakiwemo yale ya miaka ya ukimya, ili vijana wa nchi ile waone kwa macho yao ni kurasa ngapi mtu huandika na kuziacha kabla ya kupata ukurasa mmoja wa kubaki. Nchi ndogo imemjengea mtunzi wake nyumba hali angali hai. Sisi tuna desturi ya kuwasifu watunzi wetu makaburini, na madaftari yao tukayaacha yaliwe na mchwa katika vyumba vya wajukuu.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa washairi wetu, wa vina na wasio wa vina, naomba waache kuulizana kama mizani ni ya lazima, na kila mmoja ajiulize kanuni yake aliipata wapi na imemgharimu nini. Kwa viongozi wa kwaya, ambao nchi zetu zimebarikiwa nao kwa wingi, naomba wajaribu japo utungo mmoja wa mtunzi huyu, kwa mfano Da pacem Domine, ulio mfupi na usiohitaji kinanda, wauimbe bila haraka na bila kuuongezea madoido. Na kwa wakuu wa redio zetu naomba saa moja, usiku, mara moja kwa juma, isiyokatwa na tangazo la biashara wala na sauti ya mtangazaji, muziki wa namna hii usikike kuanzia mwanzo wake hadi mwisho. Gharama yake ni ndogo, na wasikilizaji wapo.